Nataka uzamili wa bayolojia, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nafundisha bayolojia na kemia sekondari huku Newala. Shahada yangu ni ya ualimu wa sayansi, GPA 3.1. Natamani uzamili wa bayolojia, ila wenzangu wanasema kwa GPA hiyo nisahau, bora nisome uzamili wa elimu nije kuwa mkuu wa shule. Nifanyeje?
Mwalimu, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. GPA isikunyime usingizi. 3.1 ni daraja la pili la chini, ambalo huanzia 2.7, na wengi wanasoma uzamili nalo. Itakubana kwenye ufadhili, na zaidi ukitaka uhadhiri, maana huko wanafukua hadi alama za shahada ya kwanza. Ukuu wa shule waachie wanaoutaka.

Kinachonisumbua mimi ni hilo neno "bayolojia". Bayolojia ipi? Ukienda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utakuta botania kivyake, zoolojia kivyake. Mambo ya bahari yana taasisi yake Zanzibar. Ya mazao, wengi hukimbilia Sokoine, Morogoro. Kabla ya chuo, tafuta swali.

Nawe umekalia swali! Mwezi wa saba toka asubuhi, vuta tawi la chini la mkorosho, utazame shada la maua. Utaona weupe kama mtu kapepetea sembe juu yake. Huo ni ubwiriunga, kuvu inayopenda sehemu changa: maua yanakauka hata hayajafunguka, na korosho ndiyo imeondoka hivyo. Wakulima wanaamka alfajiri kupuliza salfa kabla upepo haujaanza. Sasa angalia mkorosho wa jirani, mwaka huohuo, shamba hilohilo, msafi. Kwa nini? Ni mbegu? Ni kwamba ulichanua mapema? Au upepo? (Na sisi darasani tunafundisha kuvu kwa mkate uliooza, mikorosho ikiwa dirishani.)

Andika hayo ukurasa mmoja, upitie kituo cha utafiti cha Naliendele utakaposhuka Mtwara. Korosho ni kazi yao ya miaka mingi. Uliza nini kimeshafanywa, usije ukarudia. Ukurasa huohuo ndio utamtumia mhadhiri unayetaka akusimamie. Barua za "naomba nafasi, napenda sayansi" wanazo tele.

Wapo watakaokushawishi usome kwa tasnifu pekee, yaani utafiti bila vipindi vya darasani, ili ubaki Newala. Mimi sikushauri. Umekaa mbali na maabara, na takwimu zitakutoa jasho. Chukua ya kozi na tasnifu, ukasome huko, kisha urudi kukusanya data mikoroshoni msimu wa maua. Panga kalenda yako kwa msimu huo, kwani ukikupita unangoja mwaka mzima na ada inaendelea.

Ruhusa ya masomo iombe mapema kwa Mkurugenzi wa halmashauri yako, barua ipitie kwa mkuu wako wa shule. Usilipe hata shilingi kabla haijarudi na muhuri.