Jibu: Muuzaji wa tenti kanipa bahasha, niweke?

Salaam ndugu yangu. Wauliza kama mwenyekiti wa chama hapo Likoni aweza kuweka bahasha ya muuzaji mliyenunua kwake tenti za kikundi. Angalia kwanza katiba yenu, mimi sijaiona, lakini hata kama imenyamaza usiiweke. Kwetu Kisauni nikiletewa kitu kama hicho nampa mweka hazina mbele ya wanachama, yaandikwa kwenye minitsi, na muuzaji akirudi ajua biashara ni ya kikundi sio yangu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 76, zawadi ya afisa wa serikali kwenye shughuli rasmi ni ya Jamhuri, chama si serikali najua, ila wale kina mama watoao mia mia zao wamekuamini wewe. Waambie mkutano ujao, wasije wakasikia maskani.