Usisaini bima ya akiba kabla hujaonyeshwa jedwali la kuvunja mkataba

Mkuu, usisaini. Umeuliza tofauti ya bima ya maisha ya muda, ya maisha yote na ya akiba, lakini mwishoni ukadokeza kwamba Ijumaa unakwenda Posta kusaini mkataba wa akiba wa miaka 15, na hilo ndilo lililonifanya niache chai ipoe.

Bima ya muda ni nyepesi kueleweka: ukifa ndani ya muda familia hulipwa, ukiwa hai muda ukiisha hupati kitu. Ya maisha yote haina mwisho wa muda: familia hulipwa siku yoyote utakapokufa. Ya akiba hulipa ukifa na hulipa pia mkataba ukiiva, ndiyo maana ada yake huwa kubwa zaidi kwa fidia ile ile. Wakala wangu aliniuzia hiyo kana kwamba ni akaunti ya benki. Alikaa dukani kwangu Kariakoo, akazungushia kwa kalamu ya buluu kiasi cha mwaka wa mwisho, akasema, "Hela yako ipo tu, ukikwama unaichukua." Biashara ilipoyumba mwaka wa pili, nikaenda kuomba nilichochanga, karani akanifungulia ukurasa wa nyuma wa hati yangu mwenyewe: kwenye safu ya malipo ya kuvunja mkataba, mwaka wa kwanza palikuwa na kistari, na wa pili kistari vilevile. Nilidhani mashine yao imeishiwa wino.

Katika mikataba ya namna hii, michango ya mwanzo humezwa kwa sehemu kubwa na kamisheni, gharama za kuandaa hati na gharama ya kinga yenyewe, yaani ya ahadi ya kulipa familia ukifa, kwa hiyo anayeacha mapema mara nyingi hutoka mikono mitupu. Wakala alilijua hilo vizuri, maana kamisheni yake ilitoka humo humo. Nilipompigia simu akasema yuko kikaoni. Kama kikao hicho bado kinaendelea, basi nchi hii ina mambo mazito ya kujadili.

Dai kwanza jedwali lililoandikwa la kiasi utakachorudishiwa ukiacha kulipa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa tano, wala usikubali maelezo ya mdomo. Akikuambia jedwali hutolewa baada ya kusaini, inuka uondoke, kisha uwaulize TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kama wakala huyo amesajiliwa.