Soksi ya Kuchujia Haiondoi Uchafu, Unauondoa Wewe

Nilipoivuta ile soksi, mfuko wa kitambaa unaochuja maji ya tangi langu la samaki na matumbawe, kutoka tangi la chini ambamo maji hayo hushukia, niligeuza uso. Ilikuwa nyeusi, inateleza kama kambare, na harufu yake ilinijulisha kwamba nimechelewa sana. Ndani mlikuwa na mabaki ya chakula, kinyesi cha samaki, vipande vya mwani na konokono mmoja aliyeporomoshwa na maji kutoka juu, bado mzima. Kitambaa kilikuwa kimeziba kiasi kwamba maji hayapiti tena ndani yake, yanafurika ukingoni na kuteremka yalivyo. Kwa siku kadhaa sikuwa nachuja chochote. Na tangi la juu? Maji maangavu kama kioo, samaki wanaogelea, matumbawe yamefunguka. Nani angeshuku?

Nilipopima nitrati, kemikali inayobaki uchafu unapooza majini, nikakuta miligramu 40 kwa lita, wakati mimi nimezoea kati ya 5 na 10. Sitaibebesha soksi lawama yote, maana kipindi hicho nilikuwa nalisha kwa mkono mzito. Lakini chakula hicho kilichozidi kiliishia humo humo kwenye soksi, kikakaa siku 12, kikaoza.

Uchujaji huu, uwe wa soksi, sponji au pamba, unanasa tu chembe zinazoelea. Kinyesi kilichonaswa bado kimo ndani ya maji yako, na maji yanakipitia saa 24. Bakteria wanakivunja, inatoka amonia, amonia inakuwa nitriti, nitriti inakuwa nitrati, na fosfati nayo inavuja taratibu. Ukiitoa soksi mapema umetoa vyote hivyo kabla havijayeyuka. Ukiiacha, umehamisha uchafu kutoka mahali unapouona kwenda mahali usipouona, basi.

Kwangu soksi haipiti siku ya tatu, nikibanwa sana ni ya nne. Tangi lenye samaki wengi huenda likataka kila siku. Usihesabu siku peke yake, tazama kimo cha maji ndani ya soksi: kikianza kupanda kuelekea ukingoni, imeshajaa.

Ukubwa wa matundu hupimwa kwa maikroni (sehemu ya elfu ya milimita), namba ikiwa ndogo matundu ni madogo. Soksi ya maikroni 100 inang'arisha maji haraka lakini inaziba upesi, kwa hiyo mimi naiweka siku ya usafi tu. Ya maikroni 200 ndiyo ya kila siku. Zile nzito za kitambaa kama blanketi hunasa chembe ndogo zaidi, ila kuzifua ni adhabu. Za wavu wa nailoni zinasuuzika kwa dakika mbili. Kama kufua kunakuchosha (sitakucheka, nilishachoka mimi), kata kipande cha pamba ya poliesta isiyotiwa dawa yoyote, kiweke maji yanapoangukia, kitupe baada ya siku moja au mbili. Kichujio duni unachokibadilisha kinashinda cha gharama unachokisahau. Zipo pia mashine zinazoviringisha kitambaa zenyewe kila kinapochafuka. Ni nzuri kweli, ila bei yake ni ya kukaa chini na kufikiri.

Ukifua, igeuze ndani nje, ipige maji yenye nguvu, iloweke usiku kucha kwenye maji yenye klorini, isuuze mara kadhaa, kisha iloweke tena kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Ianike juani mpaka ikauke kabisa na isinuke chochote. Sabuni na dawa ya kulainisha nguo ni marufuku. Nilijaribu sabuni mara moja, nikadhani nimesuuza vya kutosha, na kichujio cha povu, kile kifaa kinachotoa uchafu majini kwa viputo vya hewa, kikafura povu hadi likamwagika sakafuni. Kuwa na soksi sita au nane za kubadilishana, ufue zote kwa mpigo.

Jambo moja natamani ningeambiwa mapema ni mpangilio wa kazi. Zamani nilikuwa naweka soksi mpya, kisha ndiyo napuliza mawe ya tangini. Yaani naichafua mpya palepale! Sasa napuliza mawe kwanza kwa pampu ndogo, hasa nyuma na kwenye mianya, mashapo yanatimka kama vumbi. Naiachia soksi ya zamani iyanase kwa saa moja, kisha naitoa na kuweka safi.

Siku ya kulisha matumbawe, zima pampu inayorudisha maji juu kwa dakika 15 hadi 30, la sivyo soksi ndiyo itakayoshiba. Hakikisha tu tangi la chini lina nafasi ya kupokea maji yatakayoshuka.

Baada ya ule mkasa wa soksi iliyoziba nikavuka mpaka upande wa pili. Soksi ya maikroni 100 kila siku, kichujio cha povu usiku na mchana, na chakula kwa kubania. Nitrati ikasoma sifuri, fosfati haionekani kwenye kipimo, nami nikajipongeza. Wiki chache baadaye matumbawe yakapauka, na mchanga ukafunikwa na ute wa kahawia wenye viputo. Tumbawe lina mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake na kulilisha, na mwani huo unahitaji nitrojeni na fosfati kidogo. Nilikuwa nayaua matumbawe kwa njaa. Niliondoa soksi kabisa kwa muda, nikaongeza chakula, rangi ikarudi polepole. Kwa hiyo ukimwona mtu anaendesha tangi lake bila soksi hata moja, usimcheke. Kichujio chake cha povu huenda kinatosha, na vile vidudu vidogo ambavyo soksi ingevinasa vinabaki kuwa chakula.

Yule konokono nilimrudisha juu, akapanda kioo kama hakuna kilichotokea. Tangu hapo kila soksi naipekua kwa vidole kabla haijagusa klorini.