Hela ikiingia, usikimbilie kulipa deni

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: familia isiyo na mshahara, inayoishi kwa kazi za kujitegemea, inajinasuaje kwenye madeni? Mkaongeza na dogo pembeni: je, si afadhali mmoja wao akatafute ajira? Nitajibu yote mawili, maana nyumbani kwetu tumeyalala na kuyaamkia. Mimi napanga kurasa za vitabu na ripoti, mume wangu anapiga video na kuzihariri. Hakuna kati yetu mwenye mwajiri, na kwa miaka kadhaa haukupita mwezi ambao hatukudaiwa.

Nianze na lawama kidogo. Ushauri wa madeni, karibu wote, umeandikwa kwa ajili ya mwenye mshahara. "Kila mwisho wa mwezi tenga kiasi fulani, peleka kwenye deni." Mwisho wa mwezi upi? Kuna mwezi unaoingiza hela ya miezi mitatu, na kuna miezi miwili mfululizo simu hailii ila ya mdai. Mtu wa maisha hayo akiambiwa abane matumizi anaitikia kwa adabu, anabana kweli, na deni linabaki palepale kwa sababu halikutoka kwenye matumizi.

La kwetu lilitoka kwenye tarehe. Kazi unaifanya Februari. Ankara unaipeleka mwanzoni mwa Machi. Mteja anakwambia utaratibu wao ni kulipa baada ya siku 60, basi unahesabu Mei. Mei inafika: mhasibu yuko likizo, au saini moja haijapatikana, au ankara haikuonekana, tafadhali itume tena. Hela inaingia mwishoni mwa Juni. Kati ya Februari na Juni mwenye nyumba hakusubiri, wala ada ya shule haikusubiri. Pengo hilo ndilo tuliloliziba kwa mikopo.

Nina daftari la ankara lenye safu mbili nilizozichora kwa rula: "walisema" na "walilipa". Fungua ukurasa wowote, utaona tarehe za upande mmoja haziwafikii wenzao wa upande wa pili, na katikati hapo ndipo riba yetu yote ilipokwenda. Tulipojumlisha mapato ya mwaka mzima tukayaweka kando ya matumizi ya mwaka mzima, mapato yalizidi. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunawakopesha wateja wetu bila riba kwa hela tuliyoikopa kwa riba.

Wala si sisi peke yetu. Umoja wa Ulaya ulipitisha maagizo mwaka 2011 kuhusu malipo yanayocheleweshwa: taasisi za umma kwa kawaida zilipe ndani ya siku 30, na kampuni kwa kampuni zisivuke siku 60 ila kwa makubaliano ya wazi. Jiji la New York nalo, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2017, linataka mfanyakazi wa kujitegemea alipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kazi pale ambapo mkataba hautaji tarehe. Sheria za namna hii hazitungwi mahali ambapo watu wanalipwa kwa wakati.

Sasa jibu lenyewe, na najua litawaudhi baadhi: hela kubwa ikiingia, deni lisiwe la kwanza kuhudumiwa. Tumelelewa tukiambiwa dawa ya deni ni kulipa. Siipingi. Ila dawa ina dozi, na anayemeza chupa nzima siku moja kesho yake anarudi hospitali.

Ankara moja nene ilipolipwa hatimaye, mume wangu alikuwa ameshashika simu, kidole kiko juu ya kitufe, anataka kuufuta mkopo mmoja wote. "Mama, tuumalize huu leo, tulale." Nikamuuliza mwezi ujao tutaishi kwa nini. Akanitajia kazi aliyokuwa ameikabidhi, kwamba wale watu watalipa. "Wamesema lini?" Akacheka mwenyewe, maana daftari lilikuwa mezani mbele yake. Hatukuufuta. Tulilipa rejesho la mwezi ule na nyongeza ndogo, nyingine tukaiweka.

Sababu ni hii. Mkopo unaoufuta kwa hela yote uliyonayo unakuacha mtupu, na mwezi mkavu ukija utakopa tena. Hapo hutaenda kwenye mkopo nafuu, kwa kuwa benki inataka hati ya mshahara na inataka muda. Utakwenda kwenye mkopo wa haraka wa simu, ule unaotolewa kabla hujamaliza kunywa maji. Asilimia 10 kwa siku 30 inasikika ndogo. Lakini 100,000 ya fedha yoyote ile, ikiongezewa asilimia 10 kila mwezi juu ya riba iliyokwishaingia, baada ya miezi 12 inakuwa karibu 314,000. Kwa hiyo shujaa aliyefuta deni la riba ndogo mwezi wa tatu, mwezi wa nne ana deni la riba kubwa, na hesabu ya jumla imekwenda nyuma.

Basi tukaanza na akiba ya mwezi mmoja wa mambo ya lazima: pango, chakula, umeme, intaneti, shule. Ilikera. Kuweka hela benki huku unadaiwa kunakera, na kwa hesabu kavu kunakugharimu riba. Sisi tuliilipa riba hiyo kwa moyo mweupe, kwa kuwa ilitutoa kwenye mikopo ya simu, na hatukuirudia.

Baada ya hapo tukajiajiri, na sifanyi mzaha. Malipo yote ya kila mteja, wa mume wangu na wangu, yanaingia akaunti moja. Siku hiyohiyo sehemu ya kodi ya mapato inaondoka kwenda pake, maana hiyo haikuwa hela yetu tangu mwanzo. Kisha tarehe moja kila mwezi akaunti hiyo "inatulipa mshahara" kwenye akaunti ya nyumbani, kiasi kilekile, mwezi uwe mnono au mkavu. Kiasi hicho tulikipata kwa kupanga miezi ya mwaka uliopita kuanzia mbaya hadi nzuri na kusimama karibu na ile mibaya. Wengi hupiga wastani. Wastani unadanganya: hakuna mtu anayeishi ndani ya mwezi wa wastani, na anayejipangia maisha hayo atakopa karibu nusu ya mwaka. Akaunti ya mapato ikishabeba mishahara ya miezi miwili ya mbele, chochote kinachozidi kinakwenda kwenye deni bila mjadala. Ugomvi wa nyumbani ulipungua kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa swali la "tufanye nini na hela hii" lilikuwa limeshajibiwa kabla hela haijaja.

Deni lipi lianze? Mashauri mawili yanajulikana: anza na lenye riba kubwa, utaokoa hela zaidi, au anza na dogo kuliko yote, upate moyo. La kwanza ndilo sahihi kwa hesabu, la pili linawasaidia watu wanaokata tamaa haraka, na sina ugomvi nao. Ila kwa watu wa kazi kama zetu kuna swali linalotangulia yote mawili: deni lipi linaweza kuizuia kazi? Mume wangu alikuwa na mkopo ambao dhamana yake ilikuwa kamera na lenzi zake. Riba yake haikuwa kubwa kuliko zote, wala haukuwa mdogo kuliko yote. Lakini mkopeshaji akichukua kamera, amechukua na hela ambayo ingelipa madeni mengine yote. Huo ndio uliokwenda kwanza.

Baadaye tukafuata riba, na hapo inabidi mtu akae na kalamu. Mfano: unadaiwa 100,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio. Ukilipa 2,000 kila mwezi, utalipa mpaka wajukuu na deni halitapungua hata senti, kwa sababu 2,000 ndiyo riba yenyewe. Ukilipa 3,000, utamaliza baada ya miezi 56 hivi. Ukilipa 4,000, miezi 35. Tazama hapo: kutoka 3,000 kwenda 4,000 umeongeza 1,000 tu, ukapunguza zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Ndiyo maana nyongeza ndogo inayolipwa kila mwezi inashinda ile kubwa inayolipwa kwa mwaka mara moja kisha mtu akajipongeza.

Jihadharini pia na riba inayopigwa juu ya mkopo wote badala ya salio. Mkopo wa mwaka mmoja kwa "asilimia 20", unaorejeshwa kwa mafungu 12 yaliyo sawa, si wa asilimia 20. Kila mwezi unarudisha sehemu ya mtaji, lakini riba imehesabiwa kana kwamba ulikaa na mtaji wote mpaka mwisho. Ukiilinganisha na riba ya salio, hiyo ni kama asilimia 35 kwa mwaka. Afisa mikopo hatakwambia uongo ukimuuliza; ila mpaka umuulize.

Kuhusu kuunganisha madeni yote kuwa mkopo mmoja: ni jambo zuri iwapo riba imeshuka na muda haukuongezeka sana. Rejesho dogo kwa miaka mingi zaidi linaweza kukutoa hela nyingi kuliko yale madeni uliyoyaunganisha. Na ukiona rejesho litakushinda, zungumza na mkopeshaji kabla ya tarehe. Aliyepigiwa simu wiki moja kabla anakusikiliza kama mteja. Tarehe ikishapita kwa wiki moja ameshakupeleka kwenye faili la wasumbufu. Akikubali kusogeza tarehe au kupunguza rejesho, aandike.

Lakini yote hayo ni kufagia maji huku bomba linavuja, kama tarehe za wateja zitabaki zilivyokuwa. Huko ndiko tulikopigana zaidi. Sasa hatuanzi kazi bila malipo ya awali, na kwa mteja mpya ni nusu. Kazi ndefu tunaikata vipande, kila kipande na ankara yake. Video ya mwisho isiyo na alama ya majaribio, au faili la kitabu lililo tayari kwenda kiwandani, linatoka baada ya fungu la mwisho kuingia. Ankara inakwenda siku kazi inapokabidhiwa, si Jumatatu ijayo. Na kabla ya kusaini naulizia jina la mtu anayeidhinisha malipo, kwa sababu mara nyingi anayekupenda na kukupa kazi siye anayekulipa. Kuna taasisi ilituambia haifanyi kazi na watu wenye masharti ya malipo ya awali, tukaagana. Ndiyo iliyokuwa na mistari mingi ya kuchelewa kuliko wote kwenye daftari langu.

Deni la ndugu nalo lisisahauliwe. Wifi yangu alitukopesha wakati mbaya, bila riba, bila karatasi, na akasema tusijali. Watu huyaweka madeni ya hivi mwisho wa foleni kwa kuwa hayana faini. Sisi tulimwandikia kiasi na tarehe, akacheka, akasema tunamfanya benki. Tunamlipa kidogo kila mwezi, siku ileile ya "mshahara". Tangu tuanze, simu zake zimerudi kuwa ndefu kama zamani. Kabla ya hapo alikuwa anapiga na kusita, akiogopa tutadhani anadai.

Mmeuliza kuhusu ajira. Tulilitazama hilo kwa dhati. Kosa kubwa la familia yetu kihesabu halikuwa kujitegemea. Lilikuwa sote wawili kutegemea wateja wa aina moja, wanaokata bajeti kwa wakati mmoja. Video zikikosekana, ripoti nazo hazichapwi. Ajira ya kudumu ingelitibu hilo, ila ingetunyima pia mtu wa kuwa na watoto, na kwa sasa malipo ya mlezi yangekula sehemu kubwa ya mshahara wenyewe. Tulichopata ni katikati: mume wangu ana mkataba na mteja mmoja wa kumtengenezea video fupi kila mwezi kwa malipo yasiyobadilika. Bei yake iko chini ya anayotoza wengine, naye hachoki kulisema hilo. Lakini inaingia kila tarehe 5, na inabeba karibu theluthi ya mshahara tunaojilipa. Nami natafuta wa kwangu wa namna hiyo, ikiwezekana kwa mchapishaji wa vitabu vya shule, ambaye msimu wake haufanani na wa ripoti. Madeni yamebaki mawili, la wifi na la benki. Mkataba wa video unaisha mwakani, na mazungumzo ya bei mpya ameniachia mimi.