Mtaa wa kulelea watoto ughaibuni: jibu langu kwa mdogo wangu wa Makorora

Mdogo wangu kaniandikia kutoka Makorora, Tanga. Mume wake amepata kazi ya uhandisi hapa Leicester, Uingereza, viza za familia zinashughulikiwa, na swali lake ni fupi: "Dada, mtaa gani una Watanzania wengi na kodi nafuu, tukae na watoto kwa amani?" Wa kiume ana miaka minane, wa kike mitano. Swali hilihili wameniuliza watu wa Chumbageni, wa Muheza, hata wa Pangani, kwa hiyo nalijibu hapa kwa wote, na silipaki rangi.

Mdogo wangu, mtaa wenye Watanzania wengi hautakulelea watoto. Najua hilo linauma kulisikia. Makorora mtoto akitoka shule na mama hayupo, anaingia nyumba ya pili, anapewa uji, akizidisha utundu anakemewa, na magharibi anarudishwa kwao ameshakoga. Hapa hata ukikaa katikati ya Waswahili watupu, geti la shule linapofunguliwa saa tisa na robo alasiri kila mmoja wao yuko kazini. Wanakupenda, na Jumapili mtapika pilau pamoja. Jumanne alasiri hawapo. Basi kabla hujaniuliza mtaa, jiulizeni wewe na shemeji: nani atampokea mtoto shule ikitoka?

Hesabuni saa. Shule za msingi huanza kama saa tatu kasoro robo asubuhi, hutoka saa tisa na robo au na nusu. Shemeji atakuwa na saa za ofisi. Wewe, kwa viza ya mwenza, una ruhusa ya kufanya kazi, na kazi ya kwanza utakayoipata pengine ni ya shifti: ghala, nyumba ya kutunzia wazee, usafi wa ofisi alfajiri. Mimi ni muuguzi, shifti yangu ndefu inaanza saa moja na nusu asubuhi inaisha saa mbili usiku. Shule nyingi zina klabu ya kabla ya masomo na nyingine ya baada ya masomo, za kulipia, lakini ya jioni kwa kawaida inafunga saa kumi na mbili. Hakuna klabu inayoifunika shifti ya namna yangu. Kwa hiyo ama mnapokezana, mmoja anaingia mwingine anatoka, ama mnamlipa mlezi aliyesajiliwa na Ofsted, taasisi inayokagua shule na walezi wa watoto.

Kuwaacha wenyewe ndani haiwezekani. Sheria ya huku haitaji umri, ila ni kosa kumwacha mtoto mahali ambapo anaweza kudhurika, na shirika la kulinda watoto la NSPCC linasema walio chini ya miaka 12 ni nadra kuwa wamekomaa kiasi cha kuachwa peke yao kwa muda mrefu. Jirani akiona watoto wadogo wako peke yao atapiga simu, na atakuwa amefanya la haki.

Ndiyo maana mimi naupima mtaa kwa miguu. Shule, nyumba na kazi ya mmoja wenu viwe umbali wa kutembea, au basi moja tu. Nyumba ya namna hiyo ikikuzidi kodi kidogo, lipa. Ile nafuu ya mbali utaimalizia kwenye nauli, na kwenye ile saa ya ziada ya klabu uliyolazimika kuilipia kwa sababu basi limechelewa.

Sasa shule, na hapa nisikilize vizuri, maana ndipo familia nyingi zinapoteseka. Shule za serikali ni bure, na masharti ya viza yenu hayawazuii watoto kusoma. Mtoto hawekwi darasa kwa alama zake za Tanzania, anawekwa kwa umri. Wanaoanza Septemba kwa utaratibu wa kawaida wazazi wao walishaomba mapema: shule ya msingi mwisho wa maombi ni Januari 15, sekondari ni Oktoba 31 ya mwaka uliotangulia. Nyinyi mtaomba nje ya utaratibu huo, kwa halmashauri au kwa shule yenyewe, mkiwa na anwani. Na mtakuta shule inayosifiwa imejaa.

Wa kike ndiye atakayewapa kazi zaidi. Madarasa matatu ya mwanzo yana ukomo wa kisheria wa watoto 30 kwa mwalimu mmoja, kwa hiyo mwalimu mkuu hata akikuonea huruma, wa 31 hampokei hivihivi. Atawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Orodha hiyo haiendi kwa aliyetangulia kufika. Inaenda kwa vigezo vya shule, na katika shule nyingi kigezo kizito, ukiacha kuwa na ndugu anayesoma pale, ni umbali wa nyumba. Anayehamia kesho jirani na geti anaweza kukupita wewe uliyesubiri tangu Oktoba. Ndiyo maana nakwambia anwani ni kila kitu. Na msishangae mkipewa nafasi shule mbili tofauti, kaka huku na dada kule, zote zikifungua geti kwa wakati mmoja. Nimeona mama anakimbia na kigari cha mtoto mvua inanyesha kuwahi shule ya pili, kila siku ya Mungu.

Usafiri wa bure upo, lakini kwa masharti: mtoto wa chini ya miaka minane awe anakaa zaidi ya maili 2 kutoka shule ya karibu inayomfaa, aliyefikisha minane zaidi ya maili 3. Maili 3 ni kama kilomita 4.8. Kwa hiyo kwa umbali uleule, binti anaweza kupata na kaka yake akakosa.

Kabla hujapenda nyumba, piga simu shule mbili tatu za jirani, uliza: mna nafasi darasa la umri huu? Wanajibu vizuri, bila kukuzungusha. Usitegemee bango la sifa lililotundikwa getini. Zamani Ofsted ilikuwa ikiipa shule daraja moja la jumla, na tangu Septemba 2024 daraja hilo limeondolewa kwa shule za serikali. Ripoti yenyewe iko wazi kwenye intaneti, isome yote, angalia walivyoandika kuhusu watoto wanaojifunza Kiingereza. Kisha nenda kasimame nje ya geti saa tisa na robo. Tazama kama wazazi wanazungumza, na kama mwalimu anamjua kila mtoto anamkabidhi kwa nani. Mimi hilo la kukabidhi ndilo linalonipa imani na shule kuliko ripoti.

Kuhusu mitaa ya Leicester yenyewe. Ni jiji la watu wapatao 368,600 kwa sensa ya 2021, na hakuna jamii moja inayofika nusu yao, kwa hiyo hijabu ya binti haitamgeuza mtu shingo. Highfields na Spinney Hills ni nyumba za kuungana, misikiti karibu, bucha za halali, madrasa za jioni, na unaweza kutembea hadi stesheni ya treni. Nyumba nyingi ni za zamani na magari yamebanana barabarani. Evington pametulia zaidi, na hospitali ya General iko upande huo. Oadby wazazi wengi wanaipenda kwa shule zake, kodi yake iko juu, na jambo moja watu wanalisahau: Oadby haiko chini ya halmashauri ya jiji. Maombi ya shule yanakwenda kaunti ya Leicestershire. Ukivuka mpaka huo umebadilisha ofisi, fomu na shule za kuomba. Hamilton ni nyumba mpya mpya, nzuri kwa mwenye gari.

Belgrave ndiko nitakakokupeleka Jumamosi yako ya kwanza. Idi Amin alipowafukuza Wahindi Uganda mwaka 1972, halmashauri ya hapa ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije Leicester. Wakaja kwa maelfu, na wengine walikuja kutoka Kenya na kwetu. Leo Melton Road unapata mihogo, nazi, bamia, mbaazi. Kuna mzee wa Kigujarati mwenye duka huko, nilipomwambia natoka Tanga aliacha kupima bamia akaniuliza kwa Kiswahili hasa cha Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga ambao barabara zake zinaitwa kwa namba: "Barabara ya ngapi?" Tukasimama tukihesabu barabara hadi foleni ikajaa. Watu wa namna hii watakutuliza moyo kuliko unavyodhani, lakini unaweza kuwafuata kwa basi. Si lazima ulale karibu nao.

Mitaa mibaya sitaitaja. Hali inabadilika kwa kuvuka barabara moja tu, na mtaa wenye jina baya una familia zinazolea watoto vizuri kabisa. Tovuti ya police.uk inaonyesha makosa yaliyoripotiwa kila mwezi, mtaa kwa mtaa. Usihesabu vidoti. Angalia ni vya nini: karibu na maduka makubwa vingi ni wizi wa madukani, na huo hauna uhusiano na mtoto wako kwenda shule.

Lakini hakuna ramani itakayokuonyesha njia ya mwezi wa Desemba. Jua la huku mwezi huo linazama kabla ya saa kumi alasiri. Mtoto akitoka klabu ni giza totoro, majani yameloa na njia inateleza. Kwa hiyo njia ile uliyoipenda Julai, wakati jua linachwa saa tatu na nusu usiku, itembee kichwani mwako kama ni Desemba: kuna taa? Kuna barabara kubwa ya kuvuka, na kwenye kivuko kuna yule mtu wa koti la njano mwenye kibao cha duara anayesimamisha magari? Shule yenye mtu huyo mimi naipa alama.

Ndani ya nyumba, jambo kubwa ni unyevunyevu. Tanga tumezoea joto, tunafungua madirisha. Huku mwezi wa kumi na moja madirisha yamefungwa, nguo zinakaukia ndani, na ukuta unaotazama nje unaota ukungu mweusi. Mwanao ana pumu au kifua chepesi? Hapo usicheze. Ukienda kuangalia nyumba, vuta kabati kidogo, tazama nyuma yake. Nusa kona ya chumba cha watoto. Ukikuta ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya na mingine imefifia, uliza kwa nini. Omba pia cheti cha matumizi ya nishati, daraja A hadi G. Nyumba ya E kwenda chini itakula gesi yako yote na watoto bado watalala na sweta.

Najua mtakuja mfuko umekauka. Ada ya afya ya viza peke yake ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto kila mwaka, na inalipwa yote mbele. Kwa nyinyi wanne, kwa viza ya miaka mitatu, ada hiyo tu ni pauni 10,866 kabla hamjapanda ndege. Ndiyo maana mtu akifika anashika nyumba ya kwanza yenye bei ndogo. Jueni haki zenu: amana ya nyumba za kawaida haizidi kodi ya wiki tano. Tuseme kodi ni pauni 1,100 kwa mwezi, amana ni kama pauni 1,269, na ndani ya siku 30 mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mfuko wa ulinzi unaotambuliwa na serikali. Anayetaka umtumie hela kwa nyumba uliyoiona kwenye picha tu, mwacheni. Kodi ya halmashauri ni bili nyingine juu ya kodi ya nyumba, iulizeni kabla ya kusaini, na kwa viza yenu punguzo la wenye kipato kidogo halipatikani.

Kujiandikisha kwa daktari wa mtaa ni bure, hilo halina shida.

Ushauri wangu, na najua mama hataupenda: shemeji atangulie peke yake. Akodi chumba, aanze kazi, atembee hizo njia kwa miguu, apige simu shuleni, ndipo asaini nyumba ya familia. Wewe na watoto mje Julai au mwanzoni mwa Agosti, wakati wa likizo ndefu, wazoee hewa na lugha kidogo kabla shule haijafunguliwa. Miezi ya kutengana ni mizito, nami sitajifanya sijui. Lakini ni mizito kwa watu wazima wawili. Kubadilishiwa shule mara mbili ndani ya mwaka mmoja ni mzigo wa watoto, na binti yako wa miaka mitano hana maneno ya kukuelezea.

Shemeji akishapata miadi ya kuona nyumba, anitumie postikodi na saa. Siku nisipokuwa na shifti nitakwenda naye, kabati nitalivuta mwenyewe.