Mlango wa mbele ni wa mzee pia

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu hapa Kibaha, nimefika lenta. Mzee wangu alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia hauna nguvu, sasa anatumia kiti mwendo. Nyumba ikiisha nataka nimchukue akae kwangu. Mbele kuna ngazi tatu. Nilimwambia fundi aweke njia ya mteremko, akasema itaharibu sura ya nyumba, na kila mpita njia atajua humu ndani kuna mgonjwa. Mke wangu anaona tuiweke nyuma, mlango wa jikoni. Wewe unasemaje?
*Baba Neema, Kibaha*

JIBU: Marahaba, Baba Neema. Mpe mzee pole zangu. Umefanya vizuri kuandika mapema, maana fremu hazijafungwa na plasta haijapigwa. Barua nyingi hunifikia watu wakiwa wameshahamia, na hapo kila sentimita ni nyundo na pesa.

Hoja ya fundi wako naijua. Kazi yangu ya utafiti ni ya futikamba: napima milango, vizingiti na vyoo, kisha nawauliza wenyewe kwa nini wamejenga hivyo. Nilidhani wengi wataniambia gharama. Wengi huniambia sura ya nyumba, na ukikaa nao kidogo unagundua ni aibu. Fundi hana chuki na mzee wako. Amezoea tu kwamba nyumba ya heshima hupandwa kwa ngazi, na mtu kamili ni yule anayezipanda. Asiyeweza, familia itajua pa kumpitisha. Huo nao ni ubaguzi, hata kama hakuna aliyetukanwa.

Mimi natumia kiti mwendo tangu utotoni, kwa polio. Miaka michache iliyopita nilikwenda kwenye msiba wa shoga yangu. Nyumba ilikuwa na ngazi nne. Vijana wanne wakaja mbio: "Usijali mama, tunakubeba." Mmoja akashika gurudumu, nalo huzunguka, kiti kikalala upande. Kanga niliyojifunga ikateleza, mapaja wazi mbele ya wanaume waliokaa chini ya turubai, na mikono yangu yote miwili imeng'ang'ania kiti, siwezi kuivuta. Nilifika ndani nalia, watu wakadhani namlilia marehemu peke yake. Vijana wale walikuwa wema, nami niliwashukuru. Lakini choo kilikuwa uani, ngazi nyingine mbili, na sikutaka kubebwa tena. Nikaondoka kabla ya mazishi. Tangu siku ile nikialikwa mahali nauliza ngazi kabla ya kuuliza saa.

Mzee wako naye atabebwa mara mbili tatu, kisha ataanza kusema, "Leo nimechoka, nendeni tu." Mtaamini amechoka.

Kuhusu mlango wa jikoni, nakuomba usikubali. Mwambie mama Neema nimesema hivyo kwa heshima zote. Aliyeanzisha jina la usanifu kwa wote, yaani kujenga na kubuni vitu ili kila mtu aweze kuvitumia, alikuwa msanifu majengo wa Marekani, Ronald Mace, naye alipata polio akiwa mtoto na alitumia kiti mwendo. Alipokuwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha jimbo la North Carolina alikuwa akibebwa kupandishwa na kushushwa ngazi ili aingie darasani. Mwaka 1997, mwaka mmoja kabla hajafariki, yeye na wenzake walitoa kanuni saba za usanifu huo. Ya kwanza inataka watu wote watumie njia ile ile kila inapowezekana, asitengwe mtu wala asiwekewe alama. Mteremko wa nyuma, kati ya majiko na ndoo za taka, ni alama. Mzee aliyekulea aingie pale wanapoingia wageni.

Tazama vituo vya mwendokasi Dar es Salaam. Jukwaa limeinuliwa likalingana na sakafu ya basi. Mama mwenye mtoto mgongoni anaingia, mzee mwenye mkongojo anaingia, kijana mwenye begi la magurudumu anaingia, na sijasikia mtu akiliita basi la walemavu. Nyumba yako iwe hivyo.

Sasa vipimo. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45. Mteremko salama ni wa moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda idai sentimita 12 za kwenda, kwa hiyo unahitaji meta 5.4. Unaweza kuupitisha kando ya ukuta wa sebule hadi barazani. Ila kama ua una nafasi, mimi ningeziondoa ngazi kabisa: mwaga kifusi, kishindilie, uinue njia taratibu kutoka getini hadi mlangoni, wote mpite hapo. Hakikisha maji ya mvua hayarudi ukutani. Mbele ya mlango acha sehemu tambarare ya meta 1.5 kwa 1.5, kiti kisirudi nyuma wakati anafungua.

Milango ndiyo ninayoiogopea zaidi. Mafundi wetu huacha sentimita 70 bafuni, fremu ikiingia nafasi inapungua, na viti vingi vina upana wa 65 hivi, bado viganja vinavyosukuma magurudumu. Mwambie aache nafasi itakayobaki 90 baada ya fremu. Mlango wa bafu ufunguke kwa nje. Mzee akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, hamtaweza kumfikia. Kile kizingiti cha kuzuia maji kiondoke, sakafu ielekezwe kwenye tundu la maji. Choo kiwe cha kukaa, na bomba la kushikilia liwe upande wake wa kushoto, wenye nguvu. Pale bomba litakapofungwa, jaza zege ndani ya tofali sasa hivi, kabla ya plasta.

Na kabla ya yote hayo, mpeleke mzee mwenyewe saiti. Mweke katikati ya bafu, mwambie anyooshe mkono. Anapofika ndipo pa kuweka swichi.

SWALI: Darasani kwangu yuko mwanafunzi asiyeona. Wenzake wanamwita "Kipofu". Nimesoma kuwa neno hilo ni baya kwa sababu lina ki- ya kitu. Nilipige marufuku?
*Mwalimu wa darasa la tano, Mombasa*

JIBU: Hiyo ki- tunayo pia kwenye kijana, kiongozi na kinyozi. Viziwi wa Tanzania wana chama chao na wamekiita wenyewe Chama cha Viziwi. Mimi huandika "asiyeona", lakini muulize mtoto, faraghani, neno analolipenda. Kinachoniuma hapa ni kwamba ana jina na halitumiki. Anza wewe kumwita kwa jina lake kila siku, kama unavyowaita wenzake. Na ukiandika ubaoni, soma kwa sauti kila neno unapoliandika.