Kabla hujachomelea maunti ya injini

Maunti ni vile vipande vya chuma vinavyoishika injini kwenye fremu. Mgeni wa kazi hii akiletewa fremu ya pikipiki ya Boxer na injini ya aina nyingine, CG ya cc 200, anachotazama kwanza ni kama injini inaenea. Anaiinua, anaiegesha, ikitosha anawasha mashine ya kuchomelea. Ngoja kwanza. Anayeamua mahali pa injini ni cheni.

Funga tairi la nyuma, hakikisha limesimama katikati ya fremu, kisha laza rula ndefu ya chuma ubavuni mwa sproketi kubwa, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni, uilete hadi mbele. Sproketi ndogo ifuate mstari huo, hata kama injini itaonekana imeegemea upande mmoja. Mwenye pikipiki atalalamika imekaa kombo. Mwache alalamike, cheni haitaruka.

Sasa kata vielelezo vya maunti kwa boksi gumu, ukiridhika ndipo uhamishie kwenye pleti ya milimita 6. Pembe zake zikate kwa mviringo. Injini ya silinda moja inatetemeka, na ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali au pembezoni mwa weldi.

Usichomelee huku injini nzima ikiwa ndani. Tafuta ganda tupu la injini iliyokufa, lifunge kwa bolti zote, kisha shikiza maunti kwa nukta ndogondogo, kushoto na kulia kwa zamu. Weldi ikipoa inavuta chuma. Bolti iliyokuwa inapita kwa vidole itadai nyundo, na hapo ujue fremu imevutwa. Iache ipoe yenyewe, maji usimwage. Betri na CDI, kile kiboksi cha umeme kinachoendesha cheche za plagi, viwe vimeshatolewa.

Kuhusu bolti, chunguza meno. M10 (bolti za unene wa milimita 10) nyingi za pikipiki ni za hatua ya 1.25, yaani milimita kutoka jino hadi jino, lakini za duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi ni 1.5. Ukiichanganya itaingia mizunguko miwili mitatu, halafu inakaba. Ukilazimisha unakula uzi wa alumini, na kuurudisha ni kazi ya mkerezaji. Nunua zenye alama ya uimara ya 8.8 kichwani.

Bomba la maji lililopakwa zinki silipendi kwa fremu. Ukilichomelea na kuuvuta moshi wake, jioni unatetemeka kama mwenye malaria.

Namba ya chesisi usiiguse kwa grinda. Namba ya injini nayo imo kwenye kadi ya usajili, kwa hiyo mwenye chombo ashughulikie mabadiliko kabla hajaingia barabarani.

Mwisho, toa shokamzoba uinue tairi la nyuma kwa mkono, polepole. Cheni hukaza kuliko popote pale sproketi ya mbele, ekseli ya nyuma na pini ya swingiamu (mkono unaoshika tairi la nyuma) vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ulegevu upime hapo. Ikibana kabisa, ilegeze kabla hujarudisha shokamzoba, maana kwenye shimo la kwanza itavuta beringi ya gia boksi.